Cheti na Chumba cha Giza

Maduka ya mwanzo ya picha katika Mji Mkongwe yalijitambulisha kwa ukoo: A. C. Gomes na Wanawe, Coutinho na Nduguze. Wenyewe walikuwa Wagoa waliovuka bahari katika nusu ya pili ya karne ya 19 wakaweka studio Unguja. Waliwapiga picha masultani na wageni wao, wakapiga bandari, milango na vichochoro, na picha zao nyingi zikachapwa kuwa kadi za posta. Mwaka 1930 Ranchhod Oza, Mgujarati aliyejifunza kazi kwa Gomes, alifungua duka lake mwenyewe, Capital Art Studio, na baada yake likashikwa na mwanawe, Rohit. Ukiifuata kazi ya picha ya Unguja katika miongo yake ya mwanzo utapita nyumbani kwa watu, si madarasani.

Leo swali linaulizwa kwa namna nyingine. Kijana wa Jang'ombe au wa Makunduchi anayetaka kuishi kwa kamera huambiwa na mzazi wake atafute cheti kwanza, ilhali meneja wa hoteli ya Nungwi anayemwita kazini haulizi cheti, anataka kuona picha. Wote wawili wana hoja. Mzazi ameona ofisi zinavyoajiri: barua ya maombi, nakala za vyeti, majina ya wadhamini. Meneja naye ana vyumba vya kuuza, na kwake picha hujisemea. Ugomvi wao haukuanzia hapa. Miji mingine imeshaukata kwa njia zake, na kila mmoja umelipa gharama yake. Naona inafaa kuitazama miji hiyo kabla ya kumpa mtu ushauri.

Njia ya nyumba ndiyo yetu, basi haki yake itangulie. Mtoto aliyekulia studio hakufundishwa kupiga picha, alitumwa. Alifagia, akabeba taa, akapanga viti, akasimama mahali pa bi harusi ili mwanga upimwe, na ilipita miaka ndipo akaruhusiwa kuingia chumba cha giza. Humo mwalimu alikuwa mkono na pua. Dawa iliyochoka hujulikana kwa rangi na harufu yake. Maelekezo ya viwanda vya filamu yaliandikwa kwa maji ya nyuzijoto 20, na maji ya bomba ya Unguja hayashuki mpaka hapo hata mwezi wa Julai. Kwa hiyo fundi alikuwa na hesabu yake mwenyewe, ama barafu kwenye beseni, ama kupunguza dakika za kusafisha. Na zaidi ya dawa, mtoto alijifunza yasiyoandikwa katika kitabu cha kamera yoyote: nani akae katikati katika picha ya familia, mkono wa mke uwekwe wapi, picha ya binti wa nani haitundikwi dirishani hata ikiwa nzuri vipi. Anayeiita elimu hii "ya kienyeji" kwa maana ya upungufu hajaipima.

Lakini nyumba ina mlango, na mlango una mwenyewe. Asiyekuwa mwana, mpwa au mtu wa jamaa alihitaji bahati ili aingie. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 udhaifu wa pili ukajitokeza: familia nyingi za Kigoa na za Kihindi zilihama, na ujuzi uliokuwa ndani ya familia ukahama nao. Capital Art Studio ilibaki, na kwa kubaki kwake tunaiona Unguja ya miaka ya 1950, pamoja na baiskeli zake na watu wake waliovaa wakapendeza. Lau Oza naye angehama, tungekuwa tukiisoma miaka hiyo katika mafaili ya serikali tu.

Ng'ambo ya bahari waliyoivuka Wagoa mambo yalikwenda vingine, na mapema zaidi. Bombay ilikuwa na chama cha wapiga picha tangu mwaka 1854, na mwaka uliofuata taasisi ya Elphinstone ikaanzisha darasa la kupiga picha. Hurrichund Chintamon, mmoja wa Wahindi wa kwanza kujipatia jina kwa kamera katika mji ule, alipita darasani hapo. Hii ndiyo Bombay ambayo majahazi yetu yalikuwa yakienda na kurudi kila msimu wa pepo. Kamera zilivuka, dawa zikavuka, mafundi wakavuka, darasa halikuvuka. Nadhani sababu ni ya mteja kuliko ya akili. Serikali ya kikoloni ya India ilitaka picha nyingi za namna moja, za mahekalu, madaraja na makabila, na mwenye haja kama hiyo huwa tayari kumlipa mwalimu. Unguja kila mtu alitaka picha yake mwenyewe. Haja ya namna hiyo huzaa studio, darasa hailizai.

Bamako ya Mali inafanana na Unguja kwa sura, ikatofautiana nayo kwa jambo moja kubwa. Seydou Keïta alikuwa seremala. Alipewa kamera ndogo na mjomba wake, akajifunza katika duka la Mfaransa Pierre Garnier na kwa Mountaga Dembélé, mwalimu wa skuli aliyekuwa na chumba cha giza, kisha mwaka 1948 akafungua studio yake. Ni uanagenzi kama wa hapa, ila haukupita katika damu: ujuzi ulitoka kwa mgeni ukaenda kwa mwenyeji asiye na nasaba naye, na kutoka kwa mwenyeji mmoja ukaenda kwa mwingine. Ndiyo maana Wafaransa walipoondoka Mali mwaka 1960, studio za Bamako hazikufungwa. Zilikuwa zimeshapata wenyewe.

Kwa Malick Sidibé hadithi inakuwa ngumu kidogo, na ugumu huo una faida. Husemwa kwamba hakusomea picha, na ni kweli. Lakini alisoma. Alipelekwa skuli ya ufundi wa sanaa Bamako, akamaliza mwaka 1955 akiwa na diploma ya usonara, na Gérard Guillat, mwenye duka la picha, alimchukua kwanza ampambie duka. Kamera ilikuja baadaye, dukani humo humo. Maonyesho ya Venice yalipomtunuku Simba wa Dhahabu mwaka 2007 kwa kazi ya maisha yake, wengi walimsifu kuwa kipaji kilichojiotea chenyewe, na sifa hiyo ilimnyang'anya miaka yake ya skuli. Elimu rasmi alikuwa nayo, ila haikuwa ya kamera. Tunapohesabu nani "amesoma" na nani "hakusoma", elimu ya namna hii huangukia nje ya hesabu, na naogopa ndiyo iliyo muhimu kuliko zote: mtu aliyefundishwa kuchora, kushona au kupima mbao huingia studio akiwa na jicho lililokwisha kuzoezwa.

Ujerumani haikuacha jambo hili kwa bahati. Huko mpiga picha ni fundi kisheria, yumo katika sheria moja na mwashi na fundi magari. Mwanagenzi hujifunza miaka mitatu, siku nyingi za wiki akiwa kazini kwa bwana wake na siku nyingine akiwa skuli ya ufundi, kisha hufanya mtihani mbele ya chama cha mafundi. Juu yake kuna mtihani wa ubingwa, na mpaka mwisho wa mwaka 2003 ubingwa huo ndio uliokuwa ruhusa ya kufungua studio. Mwaka 2004 sheria ikalegezwa. Mwashi akabaki na sharti lake, mpiga picha akaondolewa lake. Kigezo kimojawapo kilikuwa hatari: kazi ambayo ikifanywa vibaya inaweza kumdhuru mtu iendelee kulindwa. Picha mbaya, kwa rai ya watunga sheria, haimuui mtu. Aliyeharibiwa picha za harusi yake huenda ana rai nyingine.

Wajerumani hao hao walikuwa na mlango wa pili, usiohusiana na wateja wa harusi. Kuanzia mwaka 1976 Bernd Becher alifundisha katika chuo cha sanaa cha Düsseldorf, na darasani kwake wakatoka Candida Höfer, Thomas Struth, Thomas Ruff na Andreas Gursky. Gursky ni mwana wa mpiga picha wa matangazo wa mji ule. Kwa desturi ya Mji Mkongwe angelirithi duka, akaongeza jina lake kwenye bango. Yeye akaenda darasani, na mwaka 2011 picha yake ya mto Rhein ikauzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 4.3. Bei hiyo haikununua ustadi wa mkono peke yake. Ilinunua pia jina la chuo, la mwalimu na la wenzake wa darasa, maana katika soko la sanaa hao ndio wadhamini.

Neno dhamana nimelifikia kwa makusudi. Kila nikizilinganisha desturi hizi naona kwamba swali la ustadi huwa limefichwa nyuma ya swali jingine: nani anakuthibitisha kwa mtu asiyekujua? Unguja ya Gomes ilijibu: baba yako. Bamako ilijibu: fundi wako. Ujerumani ilijibu: chama, na kwa wengine: profesa.

Zama hizo hizo za Gomes kisiwa chetu kilikuwa na jibu lake kwa elimu nyingine, nalo lastahili kuwekwa hapa. Wanazuoni wa Unguja, akina Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, ambaye madrasa yake ya Ukutani ilifundisha watu kutoka pwani nzima, walikuwa katika utaratibu wa ijaza. Mwalimu humpa mwanafunzi idhini ya kufundisha kitabu fulani, akitaja nani alimfundisha yeye, na nani alimfundisha huyo, mpaka mwanzo wa silsila. Ni hati, kwa hiyo inafanana na cheti cha chuo. Lakini anayesema ndani yake ni mtu, si taasisi, kwa hiyo inafanana na neno la fundi. Mwenye kuisoma anajua cha kumuuliza na wa kumuuliza. Mafundi wa pwani walikuwa na taratibu zao nao: mwanagenzi anapohitimu humpa fundi wake kilemba, na kuanzia hapo anaweza kusimama peke yake mbele za watu. Wayoruba wa Nigeria wana sherehe yao ya uhuru wa mwanagenzi, kwa wapiga picha kama kwa washonaji, yenye chakula, hotuba na mara nyingi hati. Anayedhani kwamba uanagenzi hauna mahafali hajaalikwa tu.

Oman, ambako Waunguja wengi wana jamaa, imechukua njia ya nne. Jumuiya ya wapiga picha ya Muscat imewapeleka wanachama wake katika mashindano na maonyesho ya shirikisho la kimataifa la FIAP, na jirani yao Dubai ilianzisha mwaka 2011 tuzo ya HIPA, ambayo zawadi yake kuu imewahi kuwa dola 120,000. Hapa mtu hathibitishwi na ukoo wala na chuo bali na majaji. Ni njia ya wazi: daktari, askari na mwalimu wa hesabu wote wanaweza kupanda ngazi za heshima wakiwa na kazi zao. Kasoro yake ni kwamba majaji huona picha moja moja, nzuri kuliko zote, na mteja wa harusi anahitaji mia nne zisizo na aibu.

Niruhusiwe kurudi kwenye mwanga, maana mjadala wa vyeti mara nyingi husahau kwamba kazi yenyewe ni ya mwanga. Mchukue bwana harusi wa kanzu nyeupe na mama yake wa buibui, uwasimamishe saa saba mchana mbele ya ukuta wa chokaa wa Shangani. Kipima mwanga cha kamera hudhani kila kitu duniani ni cha kijivu cha wastani. Ukikiamini, kanzu itatoka na rangi ya majivu na buibui litageuka shimo jeusi lisilo na mkunjo hata mmoja. Fundi wa Mji Mkongwe ana dawa fupi: waingize kivulini barazani, wageuze nyuso zao kwenye ukuta wa pili unaorudisha mwanga, na ukipima, pima kiganja chako, usipime nguo. Karibu na mwaka 1940, Ansel Adams na Fred Archer, walipokuwa wakifundisha katika skuli ya Art Center huko Los Angeles, walilishika tatizo hilo hilo wakalipangia ngazi, kuanzia weusi mtupu hadi weupe mtupu, kila ngazi na namba yake, ili mwanafunzi aamue kabla ya kubonyeza kitu gani kiangukie ngazi gani. Fundi anapajua mahali, skuli inaijua kanuni. Mpeleke fundi kwenye theluji na baraza lake halipo tena. Mlete mhitimu Shangani peke yake na utapata hesabu sahihi pamoja na bi harusi aliyekunja uso kwa jua.

Katika skuli hiyo ya Los Angeles alipita kijana wa Nairobi. Priya Ramrakha, aliyezaliwa mwaka 1935 katika familia ya wenye magazeti, alishashika kamera kabla ya kwenda Marekani, na aliyemsaidia kufika huko alikuwa Eliot Elisofon, mpiga picha wa jarida la Life. Alirudi Kenya mwaka 1963, nchi ikiingia katika uhuru, akawa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kupigia picha majarida ya Time na Life, mpaka alipouawa kwa risasi katika vita vya Biafra, Oktoba 1968.

Mwenzake wa kulinganisha ni Mohamed Amin. Naye ni mzaliwa wa Nairobi, mwaka 1943, ila alikulia Dar es Salaam. Alianza na kamera ya boksi akiwa mwanafunzi, na mwaka 1963, akiwa bado na umri wa chuo, alikuwa ameshaanzisha kampuni yake ya Camerapix. Mapinduzi ya Zanzibar yalipotokea miezi michache baadaye alivuka kuja kuyapiga picha, na baadaye katika miaka hiyo ya 1960 alionja jela ya Unguja. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliitikisa dunia ikachanga. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia. Alikufa Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyoanguka baharini karibu na Komoro.

Wawili hawa hutajwa mara nyingi kama ushahidi, kila mmoja kwa upande wake: tazama, yule alisoma, tazama, huyu hakusoma. Mimi siwezi kuuona ushahidi huo. Nionacho ni kwamba Ramrakha hakwenda Los Angeles kutafuta jicho, jicho alikuwa nalo. Alikwenda kutafuta njia ya kuupita ukuta wa rangi. Kenya ya walowezi haikumpa kijana wa Kihindi nafasi katika magazeti makubwa, na skuli ya Marekani ilimweka karibu na wahariri ambao Nairobi asingewafikia. Amin alipita penginepo: alifika kwanza, akauza, akalipwa au asilipwe, akajifunza kwa hesabu hiyo. Njia yake ilihitaji matukio makubwa na mwili usiochoka. Ilihitaji pia mtu anayeweza kuishi miezi bila ya mshahara, na hili watetezi wa "jifunze mwenyewe" hulipita haraka. Kujifunza mwenyewe kuna ada. Hulipwa kwa muda, kwa vifaa vilivyoharibika na kwa wateja waliokasirika, na mtoto wa mkulima wa mwani wa Paje hana akiba ya kulipia mambo matatu hayo kwa pamoja.

Kuna dalili kwamba waliojifunza wenyewe walilijua hilo kuliko mtu yeyote. Baada ya Amin kufa, wakfu wa jina lake ulianzisha Nairobi mafunzo ya vijana wa kamera na utangazaji. Afrika Kusini, David Goldblatt, ambaye shahada yake ilikuwa ya biashara, ndiye aliyeanzisha Market Photo Workshop mjini Johannesburg mwaka 1989, wakati ubaguzi wa rangi ulikuwa umewafungia vijana weusi milango ya vyuo vya sanaa. Zanele Muholi alitokea hapo. Watu wasiokwenda skuli ya picha waliona ni lazima wengine wawekewe. Sioni mgongano katika hilo. Walijua gharama ya njia waliyopita.

Na yuko aliyepita kote. James Barnor wa Accra, mzaliwa wa 1929, alikaa uanagenzi kwa binamu yake, akafungua studio ya Ever Young, akapigia magazeti picha za Ghana ikielekea uhuru. Ni baada ya yote hayo ndipo alipokwenda Uingereza, mwaka 1959, akasoma katika chuo cha sanaa cha Medway na kujifunza usafishaji wa picha za rangi. Aliporudi Ghana karibu miaka kumi baadaye, alikuja na maabara ya rangi. Mpango wake ndio ninaoupenda kuliko yote niliyotaja: kwanza wateja, kisha darasa. Aliingia chuoni akijua anachokosa. Mwanafunzi wa miaka 19 aliyetoka moja kwa moja kidato cha sita hajui anachokosa, kwa hiyo hukubali anachopewa.

Hapa Unguja hali imebadilika kwa namna mbili zinazovutana. Chumba cha giza kimekwisha, na pamoja nacho imekwisha siri iliyomfanya fundi awe fundi. Simu inapiga, inasafisha, inasambaza. Kwa video za mtandaoni kijana anaweza kujifunza mengi zaidi ya kuediti kwa usiku mmoja kuliko aliyojifunza mwanagenzi wa zamani kwa mwaka. Upande wa pili, elimu rasmi imekaribia: mafunzo ya uandishi wa habari ya Kilimani sasa yako chini ya chuo kikuu cha taifa, SUZA, na aliyepita huko anaweza kugonga mlango wa gazeti, wa televisheni au wa wizara. Ila video haikosoi kazi yako, na darasa la habari halikufundishi jinsi ya kumkalisha bi kizee asiyetaka kupigwa. Kilichopungua kisiwani ni mtu wa kukaa karibu nawe akakwambia picha hii mbovu, na ubovu wake uko hapa. Zamani mtu huyo alikuwa baba. Düsseldorf alikuwa profesa. Wengi wetu hatuna baba wa namna hiyo, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi hana nafasi ya kukaa karibu na kila mmoja.

Tanzania Bara, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, VETA, ina utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunza nje ya darasa na kumpa cheti akionyesha kwamba anaweza, na Zanzibar ina Mamlaka yake ya Mafunzo ya Amali ambayo ujuzi wa mitaani si mgeni kwake. Kwa seremala na fundi umeme njia hii inaeleweka: anafanya kazi, mkaguzi anatazama. Kwa mpiga picha wa hoteli pia inaeleweka, anafungua kompyuta yake na kazi inaonekana.

Lakini katika kazi hii Unguja kuna kundi linalokua ambalo hakuna hata moja ya desturi nilizozieleza iliyoundwa kwa ajili yake, nalo ni wanawake wanaopiga picha harusi za wanawake. Shughuli ya kike ikianza, wanaume hutoka, simu hukusanywa mlangoni, mabuibui huvuliwa, na anayebaki na kamera lazima awe mwanamke. Hawakurithi kwa Gomes wala kwa Oza. Maduka yale yalipita kwa wana wa kiume. Wamejifunza kwa dada wa mtaani, kwa simu, wengine kwa darasa. Kazi yao ni ngumu kuliko ya ufukweni: ukumbi wenye taa za rangi tatu zinazogombana, hina ambayo ikikosewa mwanga huonekana kama uchafu, dhahabu inayong'aa mpaka kuifuta ngozi. Na ikiisha, mteja mara nyingi hutaka kadi ya kamera aondoke nayo yeye mwenyewe.

Kwa mwanamke huyu, kauli kwamba cheti hakina maana kwa sababu picha hujisemea haina mahali pa kusimama. Picha zake bora ni zile asizoruhusiwa kumwonyesha mtu. Hawezi kuzituma HIPA, hawezi kumfungulia mkaguzi, hawezi kuzitundika kwenye ukurasa wake. Akizitundika mara moja tu, hataitwa tena. Anachobaki nacho ni neno la wanawake waliomwita, linalopita kwa mama wa bi harusi hadi kwa mama wa bi harusi mwingine, na kila anayelipokea anajua limetoka kwa nani. Neno hilo linamtosha Malindi na Vuga. Akitaka mkopo wa vifaa benki, au kazi ya kufundisha wasichana wengine, ataulizwa karatasi, na pengine yeye, kuliko mpiga picha yeyote wa kisiwa hiki, ndiye ambaye miaka miwili ya chuo ingemlipa.